Kikundi cha Wenye Mawazo

Nataka kuwaeleza habari ya jambo ambalo mimi mwenyewe nililipinga mbele ya watu kapelani, kisha ikanibidi kusimama mahali palepale na kukiri kwamba nilikosa. Si jambo rahisi kwa mwalimu wa dini, hasa hapa kwetu Musumba, mji wa Mwant Yav, ambako neno likisemwa asubuhi wazee hulijadili mpaka jioni.

Mwajua jinsi vijana wetu wa Kapanga wanavyokwenda Kolwezi. Wanapanda juu ya lori, wanapita Sandoa na Kasaji, wanakaa njiani siku kadhaa katika mchanga au matope, ili wakachimbe shaba na kobalti kwa mikono yao. Wengine hurudi na mabati ya nyumba na pikipiki. Wengine hurudi mikono mitupu. Wengine hawarudi. Tarehe 27 Juni 2019 ardhi ilianguka juu ya wachimbaji karibu na Kolwezi, wakafa zaidi ya 30. Tarehe 15 Novemba 2025, huko Kalando, daraja dogo juu ya mtaro uliojaa maji lilivunjika chini ya watu waliokuwa wakikimbia, wakafa wasiopungua 32. Hayo ndiyo makubwa yanayotangazwa redioni. Shimo linalofukia watu wawili au watatu halitangazwi na mtu. Habari yake huja kwa simu usiku, na asubuhi twasikia kilio katika kiwanja fulani.

Lakini leo siandiki juu ya waliokufa. Naandika juu ya yule anayetolewa shimoni akiwa mzima.

Mwaka 2023 kijana mmoja wa shirika letu, yaani jumuiya yetu ndogo ya Wakristu, alirudi kutoka Kolwezi. Kabla ya kwenda alikuwa mpiga ngoma wa kwaya, kijana wa kuchekesha watu, tena mpenda ubishi juu ya mpira. Huko alifukiwa shimoni pamoja na wenzake watatu. Wawili walikufa, na mmoja wao alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, waliyelelewa naye katika nyumba moja na kula sahani moja. Yeye alichimbuliwa baada ya saa nyingi. Hakuvunjika hata mfupa mmoja. Walimtazama, wakamwambia, “Wewe ni mzima, nenda nyumbani.”

Alipofika tulimshukuru Mungu pamoja naye, na baba yake akachinja mbuzi. Siku ya tatu mama yake aliona kwamba mtoto halali. Alikuwa akikaa nje, nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, mpaka kunapambazuka. Bukari alilimega, akalizungusha mkononi, akalirudisha sahanini. Lori likipita na ardhi ikatetemeka kidogo, aliruka kama mtu aliyechomwa moto. Maneno yalimwisha. Ukimwuliza habari alijibu “nzuri” na macho yake yakitazama pengine.

Watu wa kwetu wana neno moja kwa hali hiyo. Husema, “Fulani ana mawazo.” Ni neno la kweli, na kwa muda lilitosha. Lakini baada ya miezi miwili maneno mengine yakaanza kisimani. Wakasema kwamba alimtoa ndugu yake ili apate utajiri wa kobalti, na sasa roho ya marehemu inamfuata. Utajiri gani? Alirudi na viatu vya kuazima! Hata hivyo maneno hayo yalimfikia, na mama yake mdogo, mama wa marehemu, akaacha kupita mbele ya nyumba yao.

Mimi nilikwenda kwake mara tatu. Nilimpa rozari. Nilimweleza kwamba mateso yetu twaweza kuyaunga na mateso ya Bwana wetu, na kwamba asali kwa imani, naye atapata amani. Mara ya tatu alinitazama usoni kwa mara ya kwanza, akasema polepole, “Mwalimu, ninasali. Lakini nikifumba macho kusali, ndipo ninapoona.”

Katika seminari nilisoma fumbo la mateso, nikaandika mtihani juu ya kitabu cha Ayubu, nikapata alama nzuri. Siku ile nilirudi nyumbani bila neno hata moja la kumjibu.

Dada yake mkubwa anaishi Kolwezi, anauza samaki wakavu sokoni. Mwanzoni mwa mwaka 2024 alimtumia mdogo wake simu iliyokwisha kutumika, kwa mkono wa dereva wa lori. Tena alimwingiza katika kikundi kimoja cha WhatsApp. Kikundi hicho kilianzishwa Kolwezi na mama mmoja mjane, ambaye mume wake alifia shimoni, pamoja na mwuguzi mmoja mwanamume. Wakati ule walikuwamo watu kama 40: wachimbaji, wajane wa wachimbaji, baba aliyepoteza watoto wawili, msichana aliyeacha shule kwa hofu asiyojua chanzo chake. Hawaandiki sana, kwa maana wengi kuandika kunawachosha. Husema katika simu na kutuma sauti zao, kila mmoja kwa saa yake, na wengine husikiliza wanapopata mega. Kiswahili chao ni kile cha Kolwezi, lakini mtu akilemewa hurudi katika lugha ya mama yake, Kiruund au Kichokwe au Kiluba, na huwa hakosi mtu wa kuwafasiria wengine.

Niliposikia habari hiyo nilikasirika. Nilifikiri, je, watu wameacha kitubio, sasa wanaungama kwa simu mbele ya watu 40? Jumapili moja hatukuwa na padri, basi nikaongoza ibada mimi. Katika mafundisho niliwaonya wazazi juu ya wale wanaomwaga siri za roho zao katika mashine. Nilisema kwa nguvu, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Yule kijana alikuwapo, amekaa nyuma karibu na mlango. Alitoka kabla ya sala za mwisho.

Majuma mawili baadaye mama yake alikuja kwangu. Hakuja kulalamika. Alipiga magoti kidogo kama ilivyo desturi, akasema, “Mwalimu, mtoto wako amekula. Jana amekula, na leo amekula. Nimekuja kukuambia tu.” Nilimwuliza ni dawa gani aliyopewa. Akasema, “Hakuna dawa. Ni wale watu wa simu.”

Basi nikaenda kwa kijana, nikamwomba radhi kwa ajili ya ile Jumapili, kisha nikamwuliza ni nini alichokisikia huko. Alisita. Akasema lazima kwanza aombe ruhusa kwa mwenye sauti. Jambo hilo peke yake lilinitia aibu, kwa sababu mimi sikuomba ruhusa ya mtu nilipomsema kapelani. Ruhusa ilikuja siku ya pili, naye akanisikilizisha.

Ilikuwa sauti ya mzee mmoja, mchimbaji wa siku nyingi, sauti ya kukwaruza, na nyuma yake kuku wanalia. Alikuwa akieleza jinsi miaka mingi iliyopita alivyofukiwa na rafiki yake. Walikuwa wameshikana mkono gizani. Hewa ilipozidi kupungua aliuachilia mkono wa mwenzake ili achimbe kwa mikono miwili kuelekea upande wa mwanga. Alipotoka, mwenzake alikuwa amekwisha kufa. Mzee akasema kwamba mkono ule anausikia mpaka leo, hasa mvua inaponyesha. Kisha akanyamaza, kuku wakaendelea kulia, na sauti ikaisha. Basi. Hakufundisha neno lolote.

Kijana akaniambia, “Mwalimu, na mimi niliuachilia.” Alikuwa hajamwambia mtu, si mama yake, si dada yake. Mchana alisikia watu wakisema kwamba alimwua ndugu yake, na usiku alijiambia kwamba wanasema kweli. Mimi ningalijua habari hiyo, ningalimweleza kwamba hana dhambi, na maelezo yangu yangalikuwa sahihi kabisa. Lakini mimi sikupata kuingia shimoni. Yule mzee alipomjibu, hakumwambia kama ana kosa au hana. Alimwuliza mkono gani, wa kushoto au wa kulia. Na kijana akajibu, akaendelea kujibu karibu usiku mzima.

Baada ya hapo nilianza kuuliza na kusoma, kwa maana nilitaka kujua kama jambo hili ni mtindo mpya wa simu tu, au lina mizizi. Nikaona lina mizizi mirefu, tena baadhi yake imo katika nyumba yetu sisi Wakatoliki.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, walikutana watu wawili walioharibiwa na pombe: Bill Wilson, mfanya biashara wa New York, na Bob Smith, daktari wa kupasua. Waganga walikuwa wamewashindwa. Wakaona kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake kwa ukweli, wote wawili huweza kushinda siku hiyo moja bila kunywa, na kesho hivyo hivyo. Hapo ndipo vilipoanza vile vikundi vya walevi wanaosaidiana, ambavyo leo vimeenea duniani. Hospitali za siku zile hazikupenda kupokea walevi. Lakini katika hospitali ya Mtakatifu Tomaso mjini Akron alikuwapo sista mmoja mdogo wa mwili, Sista Ignatia, aliyeandika wagonjwa wanaoingia. Mwaka 1939 yeye na Daktari Smith walimwingiza mlevi wa kwanza kwa kuandika kwamba ana ugonjwa wa tumbo, wakamlaza katika chumba kidogo ambacho kwa kawaida kiliwekwa maua ya wagonjwa. (Padri wetu alicheka sana nilipomsimulia. Akasema tumwachie Mungu kama ule ulikuwa uongo au upendo.) Baadaye Sista alishika kanuni kwamba wanaokuja kumtazama mgonjwa wawe ni wale waliokwisha kuiacha pombe wenyewe. Sio jamaa wenye kulaumu, wala marafiki wenye chupa mfukoni.

Karibu na kwetu kuna Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda, bingwa wa magonjwa ya akili, alikuwa na mgonjwa msichana aliyeishi mbali na mji. Msichana huyo alijiua, na mama yake akaeleza kwamba walikuwa wameona hali yake inazidi, lakini hawakuwa na dola 15 za nauli ya basi ya kumfikia daktari. Niliposoma hayo nilikiweka kitabu chini. Kutoka hapa mpaka Kolwezi nauli ni kubwa kuliko hiyo, na kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ziko kilometa kama 300 nyingine. Mwaka 2006 daktari yule aliwafundisha akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare mjini Harare kukaa juu ya benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye ugonjwa unaoitwa kwa Kishona kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Mwaona? Neno lao ni ndugu wa neno letu. Na mtu akimaliza siku zake pale bencini, hualikwa katika mduara wa wenzake walioketi benchini kabla yake. Huko wanasuka mifuko kwa plastiki kuukuu, na huku mikono ikifanya kazi, midomo inazungumza.

Wenye elimu wamepima mambo hayo. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai huko Uganda, watu wenye huzuni kubwa walikusanywa vikundi vikundi, mara moja kila juma kwa majuma 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa muda mfupi. Mwishoni, katika vijiji vilivyokuwa na vikundi, waliobaki na ugonjwa walikuwa 6 au 7 katika kila watu 100. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi walikuwa karibu 55. Na hapa kwetu Kongo, katika Kivu, wanawake waliotendewa jeuri wakati wa vita walifundishwa kwa namna ya vikundi vya watu sita mpaka wanane. Habari zao zilichapwa mwaka 2013. Nao waliona nafuu kubwa kuliko wanawake waliosaidiwa mmoja mmoja.

Lakini tusijidanganye. Wale wa Masaka na wa Kivu walikaa pamoja wakitazamana. Walikuwa na kiongozi aliyefundishwa, na siku maalumu, na mwanzo na mwisho. Simu haina mwisho. Usiku wa manane inalia. Na mwenye simu hajui kama mwenzake analia au anacheka. Hivyo sitaki mtu atoke hapa akisema, Mwalimu ameandika kwamba simu inaponya wenye mawazo. Sikuandika hivyo.

Tena nina jambo la kusema kuhusu vijana wa shule. Siku hizi msichana akiona katika simu mtu anaeleza dalili za ugonjwa wa akili, anakuja kuniambia kwamba anao, na kesho yake anao mwingine. Mara nyingi anao usingizi mdogo na mtihani wa hesabu. Lakini nimejifunza nisicheke upesi, kwa sababu mmoja kati yao alikuwa anao kweli.

Basi niliomba kuingia katika kikundi. Nilifikiri watafurahi kupata mwalimu wa dini. Yule mama mjane alinipigia simu, akanisalimu kwa heshima zote, kisha akauliza, “Mwalimu, unaingia kama nani? Hapa wanaingia wenye mawazo. Kama unaingia kuwatazama wenye mawazo, nafasi hiyo hatuna.”

Nilikaa juma zima bila kumjibu. Kisha nikafanya jambo ambalo sijapata kulifanya. Nilikwenda nyuma ya kapela nikasema katika simu kwamba nilipoacha seminari, zaidi ya miaka kumi iliyopita, nilirudi katika nyumba ya baba yangu nikakaa ndani muda wa miezi mitano. Hakuna aliyenifukuza, mimi mwenyewe niliona kwamba wito huo si wangu, na wakuu wangu waliniaga kwa wema. Lakini kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kuniita Padri. Nilikuwa nikitoka usiku tu, kuoga na kuvuta hewa, ili nisikutane na mtu atakayeniuliza nitarudi lini. Zilikuwapo siku nilizomwomba Mungu nisiamke. Sikumwambia mtu, hata yule niliyeungama kwake, kwa kuwa niliona si dhambi bali ni aibu tu. Nilipomaliza kusema, dakika nne zilikuwa zimepita. Nilitaka kufuta, lakini ilikuwa imekwisha kwenda.

Wa kwanza kujibu alikuwa yule mzee wa kuku. Alisema, “Karibu, Mwalimu. Hapa hatuhubiri.” Wengine wakacheka katika sauti zao, nami nikacheka peke yangu nyuma ya kapela.

Nimeyaona mema ya kikundi, na ubaya wake pia nimeuona. Mwezi wa Agosti 2024 mtu mmoja alichukua sauti ya mama fulani aliyeeleza mambo ya ndoa yake, akamtumia rafiki yake, na rafiki akamtumia mwingine, mpaka ikamfikia mume katika baa. Mama yule alipigwa. Aliondoka kikundini na hajarudi, wala hajibu salamu zetu. Siku nyingine aliingia mtu aliyejiita nabii. Kwa siku tatu alisikiliza kwa upole, siku ya nne akaanza kuwaandikia watu mmoja mmoja, akiwauzia maji ya kuondoa mawazo, fedha itumwe kwanza kwa simu. Watu sita walituma. Na mama mmoja mwenye kusikia sauti za watu wasiokuwapo alishauriwa na wenzake, kwa moyo mwema kabisa, kwamba sasa amepata nguvu, aache vidonge. Aliacha. Alipatwa vibaya mno, na ilibidi kumtafuta usiku njiani. Mwuguzi aliwakemea wote kwa ukali ambao sikuutazamia kwa mtu mpole vile. Aliwaambia kwamba mwenye mawazo aweza kumsaidia mwenye mawazo kusema, lakini vidonge vya mtu vina mwenyewe, naye ni daktari.

Lakini jambo lililotutisha kuliko yote lilitokea Februari 2025. Usiku mmoja, karibu saa nne, kijana mchimbaji wa Kolwezi alituma sauti fupi. Aliwaaga watu wote, akaomba asamehewe deni lake, akasema tusimpigie. Simu ikazimwa. Mimi niliisikia nikiwa kitandani. Nilituma neno, ikaonekana alama moja tu, yaani halikufika. Nilituma tena. Hapo antena ya hapa kwetu ikanyamaza, kama inavyofanya mara kwa mara, na simu yangu ikawa jiwe.

Ilinyamaza siku mbili. Wasomaji wangu, sijui niwaeleze vipi siku hizo mbili. Nilifundisha watoto sala, nilipalilia muhogo, nilizika mzee mmoja wa shirika la jirani. Kila saa nilipanda juu ya kichuguu kile kikubwa kilicho nyuma ya shule nikainua simu juu kama mtu mjinga. Yule kijana wetu, mpiga ngoma, alikuwa akinifuata. Hatukuzungumza. Mara moja tu aliniambia kwamba watu 40 na zaidi walimsikia mwenzao akiaga, na hakuna hata mmoja anayejua mlango wake ulipo.

Ndivyo ilivyokuwa kweli huko Kolwezi. Walijua sauti yake na ndoto zake na jina la mchumba aliyemwacha, lakini nyumba yake hawakuijua. Mama mjane alimwamsha mwanawe mwenye pikipiki. Walijua tu kwamba siku moja kijana alitaja mama mmoja anayewapikia wachimbaji bukari na sombe karibu na njia ya reli. Wakaamsha watu, wakauliza, wakafukuzwa na mbwa, wakampata yule mama mpishi, naye akawaonyesha nyumba ambayo kijana alikuwa amepanga chumba. Walimkuta hai. Mlango ulikuwa wazi. Mama mjane alikaa chini sakafuni karibu naye mpaka alfajiri, na mpaka leo hajatuambia kama walisema neno. Mwuguzi alikuja kulipokucha akampeleka kwa daktari. Baadaye, kwa michango yetu, alisafirishwa mpaka Lubumbashi, katika kituo cha wagonjwa wa akili chenye jina la Daktari Joseph Guislain, cha Mabruda wa Upendo. Hao ndio wale waliotoka Ubelgiji, ambao shirika lao lilianzishwa na Padri Triest mwaka 1807. Alikaa kwao majuma kadhaa. Sasa yuko Kolwezi, anakunywa vidonge, amepata kazi ya kulinda usiku. Hachimbi tena.

Sisi tulipata habari siku ya tatu, antena iliporudi. Sauti ziliingia zote pamoja, 60 na zaidi, na hatukujua ipi ni ya kwanza. Mpiga ngoma alikuwa akizifungua moja moja, na mimi nilikuwa nimeshika rozari lakini sikuwa ninasali, nilikuwa nimeishika tu.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Mwuguzi ana daftari moja, si katika simu bali la karatasi, nalo linafungwa kwa ufunguo. Kila anayeingia huandikwa humo mtaa wake, alama ya nyumba, na jina la mtu mmoja wa karibu atakayeamshwa usiku. Asiyetaka kuandikwa haingii. Wengine waliondoka kwa sababu hiyo, tukasikitika. Sauti haitumwi nje. Aliyekosa mara moja hutolewa. Na mtu wa kuuza kitu, hata kama ni karanga, hutolewa.

Hapa Musumba nako tulifanya jambo letu. Wengi hawana simu, au simu iko kwa mume. Kila Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba wakati wa Kwaresima, na siku nyingine saa kumi tu, twakaa chini ya mwembe wa kapela, watu saba au wanane. Wamo Wametodisti wawili, na bibi mmoja asiye na dini yoyote. Nilimwomba padri ruhusa, akanipa kwa sharti kwamba asiyetaka kusali asilazimishwe, na kwamba anayeonekana mgonjwa hasa apelekwe hospitali, nisimshike kwangu. Kuhusu sharti la kwanza nimekwisha kukosa mara mbili. Nikizoea kusema, nasema. Hapo bibi yule huniinulia kidole, nami nanyamaza.

Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa. Katika mtihani wangu wa seminari sikuandika hata mstari mmoja juu ya siku hizo saba. Niliandika juu ya hotuba zao zilizofuata.

Mama wa marehemu, yule mama mdogo, alikuja chini ya mwembe mwezi wa Oktoba 2025. Hakuna aliyemwalika. Alikaa mwisho wa mkeka, mbali na mpiga ngoma. Ijumaa ya pili alikaa palepale. Ijumaa ya tatu kijana alimwambia mbele yetu habari ya mkono, maneno machache tu, macho chini. Mama hakujibu. Alivuta kitambaa chake usoni, akakaa hivyo mpaka jua lilipokuwa likishuka. Kisha aliondoka bila kuaga. Ijumaa iliyofuata hakuja. Ijumaa baada ya ile alikuja, amebeba bakuli la karanga za kuchemsha, akaliweka katikati ya mkeka, na kijana akala pamoja nasi.